Urujuani wa Usambara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuupanda na Kuutunza

Urujuani wa Usambara ni miongoni mwa mimea ya maua inayofugwa ndani ya nyumba kwa wingi duniani, lakini wengi wanaoumwagilia kila asubuhi hawajui kwamba kwao ni katika nyufa za miamba yenye kivuli ya Tanzania na Kenya. Majibu yaliyo hapa chini yanarudi kwenye mwamba huo mara kwa mara, kwa sababu karibu kila kosa la utunzaji hutokana na kuusahau.

Urujuani wa Usambara ni mmea wa namna gani?

Ni mmea mdogo wa kudumu, usio na shina refu, ambao majani yake hujipanga kwa duara kuzunguka kitovu kimoja na kulala karibu na udongo. Majani ni manene kiasi, yamejaa maji, na yamefunikwa na vinyweleo laini vinavyoyafanya yaonekane kama kitambaa cha mahameli. Maua huchomoza juu ya vikonyo vyembamba kutoka kwenye makwapa ya majani. Kila ua la asili lina petali tano za rangi ya zambarau inayokaribia buluu, mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, na katikati yake vimo vifuko viwili vya chavua vyenye rangi ya manjano kali. Rangi nyekundu na waridi, na maua yaliyojikunja kama leso ya kamba, ni kazi ya wafugaji wa mimea, msituni hayapo.

Licha ya jina lake, mmea huu hauna udugu na urujuani wa Ulaya. Ni wa familia nyingine kabisa, na jina lilitokana na mfanano wa rangi ya maua tu.

Uligunduliwa lini, na kwa nini jina lake la kitaalamu limebadilika?

Neno "uligunduliwa" lichukuliwe kwa uangalifu, kwa sababu watu wa milimani walikuwa wakipita kando yake tangu zamani. Sampuli zilizokaushwa zilikwisha kupelekwa Uingereza na John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Zanzibar, mwaka 1884 na W. E. Taylor mwaka 1887, huyu wa pili akiwa mmisionari anayejulikana zaidi kwa kazi yake juu ya lugha ya Kiswahili huko Mombasa, lakini hazikutosha kuwawezesha wataalamu kuupa mmea jina. Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Usambara wakati wa ukoloni wa Wajerumani, aliukuta na kumpelekea baba yake aliyekuwa Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover, aliueleza kwa maandishi na kuuita *Saintpaulia ionantha*. Sehemu ya kwanza ya jina huenzi ukoo wa Baron huyo, na ya pili hutokana na Kigiriki, maana yake "wenye maua kama ya urujuani". Hadi leo Wajerumani huuita kwa jina la Usambara, jambo ambalo naona ni la haki kuliko majina mengine ya Ulaya yanayotaja "Afrika" nzima kana kwamba unaota kila mahali.

Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha baadaye kwamba mmea huu ni tawi la jenasi (kundi la aina zenye udugu wa karibu) kubwa zaidi ya *Streptocarpus*, na tangu mwaka 2015 jina lake rasmi ni *Streptocarpus ionanthus*. Wauzaji wengi bado hutumia jina la zamani, nawe ukilitumia utaeleweka.

Kwao ni wapi hasa, na jambo hilo linanisaidia nini mimi mkulima wa bustani?

Hupatikana katika Milima ya Tao la Mashariki, yaani Usambara, Uluguru, Nguru, Ukaguru, Taita ya Kenya na mingine ya safu hiyo, pamoja na sehemu chache za mwambao. Baadhi ya aina huota karibu na usawa wa bahari, nyingine juu sana penye ukungu na baridi. Karibu zote huota juu ya mwamba: kwenye ufa au kwenye ukuta wa jiwe ulioinama, na chache juu ya gome la mti lililofunikwa na kuvumwani.

Angalia ufa mmoja kwa makini. Ndani yake mna udongo wa kiganja kimoja tu, mweusi, uliotokana na majani yaliyooza. Mvua ikinyesha, maji hupita na kuteremka zake, hayatuami. Jua halifiki moja kwa moja kwa sababu miti imelizuia, lakini pana mwanga wa kutosha kusomea barua. Hewa ina unyevu mchana na usiku, na mwamba wenyewe hubaki na ubaridi. Atakayeyaelewa mambo hayo manne, yaani udongo kidogo, maji yanayopita, mwanga usio na jua kali na hewa yenye unyevu, ameshajua mengi kuliko yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha chungu.

Je, unaweza kupandwa nje bustanini, au ni mmea wa chungu tu?

Unaweza kupandwa nje mahali ambapo usiku haushuki chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, mchana hauzidi nyuzi 30 kwa muda mrefu, na hewa si kavu. Kosa la kawaida ni kuupanda kwenye tuta la maua kama vile ni mmea wa kawaida wa bustani. Tuta hutuamisha maji, hurushia majani matope mvua inaponyesha, na huwapa konokono karamu ya usiku mmoja.

Njia ifaayo ni kujenga ukuta mfupi wa mawe yaliyopangwa bila saruji, upande usiopigwa na jua la mchana, chini ya mti wenye kivuli chepesi au ubavuni mwa baraza. Jaza nyufa kwa mchanganyiko mwepesi unaoelezwa hapa chini, kisha pachika mmea ukiwa umelala kidogo, uso wa duara lake ukitazama nje na si juu. Mkao huo wa kuinama si wa urembo: maji yakidondokea kitovuni hutiririka nje, na kitovu hakiozi. Ukuta usiwe chini ya mchirizi wa paa, kwa sababu matone mazito ya mfululizo huvunja vikonyo.

Penye majira ya baridi, mmea ubaki ndani ya chungu na utolewe nje barazani miezi ya joto tu.

Unahitaji mwanga kiasi gani?

Mwanga mwingi usio na jua la moja kwa moja, kwa muda wa saa 10 hadi 14 kila siku. Dirisha linalotazama mawio ndilo bora, kwa kuwa jua la asubuhi mapema ni pole. Dirisha la machweo hufaa likiwekewa pazia jepesi. Ukitumia taa, iweke sentimita 25 hadi 35 juu ya mmea na uizime usiku, kwa kuwa mmea huu unahitaji angalau saa nane za giza ili uchanue vizuri.

Majani yenyewe hutoa taarifa kabla ya maua kukata tamaa. Yakirefusha vikonyo na kuinuka juu kama mikono inayoomba, mwanga ni hafifu. Yakipauka, yakawa magumu na kukunjamana chini kuelekea ubavu wa chungu, mwanga umezidi. Yakilala bapa kama vijiti vya gurudumu, usiguse chochote. Geuza chungu robo mzunguko kila wiki ili duara lisiegemee upande mmoja.

Joto na unyevu wa hewani je?

Kati ya nyuzi 18 na 27 ndipo hustawi. Chini ya nyuzi 10 majani huharibika, na juu ya 30 vichipukizi vya maua huanza kudondoka kabla ya kufunguka. Hewa ikiwa kavu, weka vyungu kadhaa pamoja juu ya sinia pana lenye kokoto na maji, vitako vya vyungu vikiwa juu ya usawa wa maji. Kunyunyizia majani maji, ushauri unaorudiwa mno, hakusaidii: unyevu wake hupotea kwa dakika chache, na madoa yake hubaki.

Nitumie udongo gani?

Si udongo wa shambani. Udongo huo, hata ukiwa mweusi na wenye rutuba, hushikamana ndani ya chungu kidogo na kuikosesha mizizi hewa. Na mizizi ya urujuani ni myembamba kama nyuzi za kushonea, haina nguvu ya kupenya mahali pagumu.

Changanya sehemu moja ya mboji ya majani yaliyooza vizuri au vumbi la makumbi ya nazi, na sehemu moja ya perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto. Ukipata vemikulaiti, madini mepesi yanayoshika unyevu, ongeza sehemu moja nyingine. Ukikosa perlaiti, tumia mchanga mnene wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke meupe, pamoja na mkaa uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Mchanga wa ufukweni usitumike kwa sababu ya chumvi. Vumbi la makumbi nalo lioshwe mara mbili au tatu, kwa sababu hiyohiyo. Uchachu unaofaa ni pH ya 6 hadi 6.5.

Jaribio la mkono linatosha: minya konzi ya mchanganyiko uliolowa, kisha fungua kiganja. Ukibaki donge, ongeza perlaiti au mkaa. Ukijifungua wenyewe na kusambaratika, umefika.

Chungu kiwe cha ukubwa gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Kipenyo cha chungu kiwe takriban theluthi moja ya kipenyo cha duara la majani, maana yake mmea wenye upana wa sentimita 30 hutosheka na chungu cha sentimita 10. Chungu kikubwa hubaki na udongo mbichi ambao mizizi haijaufikia, na ubichi huo ndio mwanzo wa kuoza; zaidi ya hapo, mmea hushughulika kujaza mizizi na kuahirisha maua. Kina kisizidi upana.

Vyungu vya plastiki na vya udongo wa kufinyanga vyote vinafaa. Vya kufinyanga hukauka upesi, na ukingo wake hukusanya chumvichumvi ya mbolea ambayo huunguza kikonyo cha jani kinapoegemea hapo. Tabaka jembamba la nta ya mshumaa juu ya ukingo huondoa tatizo hilo.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo lisilo na jibu kwa namna lilivyoulizwa. Kalenda haijui kama wiki hii palikuwa na mawingu, au kama mmea umejaza mizizi chunguni. Kidole kinajua. Gusa uso wa udongo: ukiwa mkavu kwa kina cha sentimita moja hivi, mwagilia, ukiwa na ubichi, ondoka. Inua chungu pia na ukizoee uzito wake, kwani baada ya wiki chache mkono utatofautisha chungu chenye kiu na kilichoshiba bila kuangalia.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba mmea wenye kiu na mmea uliozamishwa hufanana kwa sura: yote miwili hulegea. Wa kwanza umekosa maji. Wa pili una maji tele, lakini mizizi iliyokwisha kuoza haiwezi kuyanyonya. Mmea wangu wa kwanza niliuua hivyo. Uliponywea niliumwagilia, uliponywea zaidi nikaongeza, na nilipokuja kuung'oa, mizizi ilibaki mkononi mwangu kama uzi uliolowa, ya kahawia na yenye harufu ya kinamasi. Kwa hiyo, ukiuona umelegea, gusa udongo kabla ya kushika kopo la maji. Ukikuta udongo umelowa, dawa ni kuutoa chunguni, kukata mizizi iliyooza na kuupanda upya katika mchanganyiko mkavu kiasi, ndani ya chungu kidogo zaidi.

Namna ya kumwagilia ni mbili. Unaweza kumimina taratibu ukingoni mwa chungu, chini ya majani, hadi maji yatoke tunduni. Au unaweza kukiweka chungu ndani ya bakuli lenye maji kwa dakika 20 hadi 30, kisha kukitoa kichuruzike. Kwa njia yoyote, maji yanayobaki kwenye kisahani yamwagwe. Ukitumia bakuli daima, mara moja kwa mwezi mimina maji mengi kutoka juu ili kusukuma nje chumvi iliyojikusanya.

Ni kweli kwamba majani hayapaswi kuguswa na maji?

Ni kweli nusu. Msituni majani hunyeshewa na hayadhuriki. Kinachodhuru ni tofauti ya joto: maji yaliyo baridi kuliko jani kwa nyuzi kadhaa huua chembe zilizo chini ya ngozi ya juu ya jani, na baada ya siku chache hutokea pete na mistari ya rangi ya krimu isiyofutika kamwe. Tumia maji yaliyokaa chumbani usiku kucha, nayo yatakuwa na joto lilelile la majani na yatakuwa yamepoteza sehemu ya klorini. Maji ya mvua ni bora zaidi.

Jani lenye vumbi linaweza kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu, mradi kitovu kikaushwe kwa ncha ya kitambaa na mmea ukae kivulini hadi ukauke. Kwa vumbi la kawaida, brashi laini ya kupakia rangi inatosha, ukipiga kutoka kikonyoni kuelekea nchani.

Nasikia watu wanatumia utambi. Unafanyaje kazi?

Uzi wa nailoni au wa aina nyingine isiyooza hupitishwa katika tundu la chungu, ncha moja ikiwa udongoni na nyingine ndani ya kopo la maji lililo chini. Udongo unapokauka huvuta maji kidogokidogo, kama taa ya kibatari inavyovuta mafuta. Njia hii ni nzuri kwa anayesafiri, lakini inahitaji udongo mwepesi sana, wenye perlaiti nusu kwa nusu. Utambi wa pamba huoza. Lowesha uzi na udongo kwanza, la sivyo maji hayatapanda.

Mbolea gani inafaa?

Mbolea ya maji yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano unaolingana, iliyopunguzwa hadi robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila unapomwagilia. Au nusu ya kipimo kila baada ya wiki mbili. Epuka zile ambazo naitrojeni yake hutokana na urea, kwa kuwa huunguza mizizi myembamba. Samadi mbichi isikaribie kabisa. Ukiona majani ya katikati yamesongamana na yana chembechembe za rangi ya kutu, mbolea imezidi: pitisha maji matupu mara tatu mfululizo na usimame kwa mwezi mmoja.

Majani yamestawi vizuri, lakini hautoi maua. Nifanye nini?

Anza na mwanga, kwa sababu ndio chanzo mara nyingi zaidi kuliko vingine vyote. Sogeza mmea karibu na dirisha na usubiri wiki sita hadi nane kabla ya kubadilisha kitu kingine. Anayebadilisha mambo matano kwa wiki moja hatajua lililofaa. Baada ya hapo angalia kama chungu ni kikubwa mno, kama mbolea ina naitrojeni nyingi kuliko fosforasi, na kama taa huwaka hadi usiku wa manane.

Kisha chunguza makwapa ya majani. Mara nyingi mna machipukizi, yaani mimea midogo inayojitokeza ubavuni na kuanzisha kitovu chake. Kwa aina nyingi zinazopandwa, kitovu kimoja ndicho kinachotakiwa, na machipukizi hunyonya nguvu ya maua. Subiri hadi uone majani manne, kwa kuwa chipukizi la ua huwa na majani mawili tu kabla ya shina lake, kisha ling'oe kwa ncha butu ya penseli. Maua yaliyonyauka yaondolewe pamoja na vikonyo vyake.

Mmea umekuwa na shingo ndefu tupu kama mnazi mdogo. Je, umezeeka?

Haujazeeka, ndivyo unavyokua. Majani ya chini hufa, kitovu huendelea kupanda, na katikati hubaki shingo yenye makovu. Utoe chunguni, ondoa majani yaliyochoka, kwangua shingo polepole kwa kisu butu hadi rangi ya kijani hafifu ionekane, kisha kata kitako cha donge la mizizi kwa urefu ulio sawa na wa shingo. Rudisha mmea katika chungu kilekile, ukiushusha hadi majani ya chini yaguse ukingo, na uijaze shingo udongo mpya. Mizizi mipya itatoka ubavuni mwa shingo. Ufunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga kwa siku kumi hivi. Kazi hii ikifanywa mara moja au mbili kwa mwaka, mmea mmoja unaweza kuishi miongo kadhaa.

Nauzidishaje kwa jani?

Chagua jani la safu ya katikati: si la chini lililochoka, si la kitovuni ambalo bado changa. Likate na ufupishe kikonyo hadi sentimita 3 hivi kwa wembe safi, mkato ukiwa wa mshazari na uso uliokatwa ukitazama mbele. Lipachike katika mchanganyiko mwepesi uliolowa kidogo, kina cha sentimita moja na nusu, likiwa limeinama, kisha lifunike. Liweke penye mwanga usio na jua.

Mizizi huja baada ya wiki tatu au nne. Halafu pana kimya kirefu, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kulitupa jani. Usilitupe. Kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, udongo ulio mbele ya kikonyo hupasuka kidogo, na vinajitokeza visikio viwili vitatu vya kijani vyenye nywele, vidogo kuliko punje ya mchele. Viache hadi vifikie theluthi ya ukubwa wa jani mama, ndipo uvitenganishe, kila kimoja na chungu chake. Maua ya kwanza huonekana takriban miezi sita hadi tisa baada ya kutenganisha.

Mbona watoto wa jani hawafanani na mama yao?

Kuna aina ambazo petali zake zina mistari kama gurudumu, na tabaka zake za chembe zina asili tofauti za vinasaba. Jani haliwezi kurithisha mpangilio huo. Machipukizi ya ubavuni ndiyo yanayourithisha. Kwa aina za rangi moja, jani hutoa nakala halisi, isipokuwa mara chache sana.

Je, unaweza kuoteshwa kwa mbegu?

Unaweza, lakini ndani ya nyumba hautajichavusha. Angalia ua kwa karibu: kijiti cha kike kimepinda kushoto au kulia, mbali na vifuko vya chavua, na vifuko vyenyewe vimefungwa kama kichupa cha chumvi chenye tundu dogo nchani. Nyuki wa asali hawajui kukifungua. Msituni kazi hiyo hufanywa na nyuki wa mwituni wanaolikumbatia ua na kutetemesha misuli yao mpaka chavua irushwe nje. Wewe itakubidi upasue kifuko kwa sindano na kupaka chavua kwenye ncha ya kijiti cha ua lingine. Tunda huchukua miezi minne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kuiva. Mbegu ni laini kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia.

Ni wadudu na magonjwa gani ya kuogopa?

Vidung'ata, wenye mwonekano wa vipande vya pamba kwenye makwapa ya majani, huondolewa kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa spiriti. Vikiwa mizizini ni vigumu zaidi. Osha mizizi yote na ubadilishe udongo. Thripsi, wadudu wadogo wembamba, hujulikana kwa chavua ya manjano iliyomwagika juu ya petali: ondoa maua yote na vichipukizi vyake kwa wiki sita, na wengi watakosa chakula. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama umepakwa unga, huja hewa inaposimama na usiku ukiwa na baridi; achanisha vyungu na uruhusu upepo upite.

Wa kuogopwa hasa ni utitiri wa kitovuni, ambao macho hayauoni. Majani ya katikati hudumaa, huwa magumu, hukunjamana na kujaa nywele za kijivu. Mmea ulioambukizwa vibaya ni bora utupwe ndani ya mfuko uliofungwa, mikono ioshwe, na mimea jirani itengwe. Ndiyo maana mmea wowote mpya ukae peke yake kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuchanganywa na mingine, hata ukiwa zawadi kutoka kwa mtu unayemwamini.

Una sumu kwa paka, mbwa au watoto?

Hauna. Dawa za wadudu ulizoupulizia ni suala jingine.

Nikiukuta msituni, naweza kuchimba mmoja na kuuleta bustanini?

Hapana. Baadhi ya aina za mwituni zinajulikana katika sehemu chache sana, nyingine mwamba mmoja tu, na kinachoziangamiza zaidi ni kukatwa kwa miti inayozitilia kivuli: mti ukianguka, jua hupiga jiwe, kuvumwani hukauka, na mimea iliyo chini yake hufa. Sehemu ya makao yake sasa imo ndani ya hifadhi, ikiwemo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyoko Usambara Mashariki. Isitoshe, mmea uliong'olewa kwenye ufa wake hukatika mizizi na mara nyingi hufa njiani. Aina za mwituni zilizooteshwa na wakulima zipo, na jani moja kutoka kwa mkulima mwenzako linatosha kuanzia.

Kitovu cha mmea wangu kimeoza kabisa. Je, kuna la kufanya?

Kitovu kikiwa cheusi na laini, na majani ya katikati yakichomoka bila kuvutwa, mmea huo hautapona. Kabla ya kuutupa, kagua majani ya nje. Lile ambalo kikonyo chake bado ni kigumu na cha kijani mpaka chini, hata likiwa moja tu, likate juu ya sehemu iliyooza, angalia kama mkato hauna nukta ya kahawia, na kama inayo, kata tena juu zaidi mpaka uwe safi. Lipachike kama ilivyoelezwa hapo juu, katika udongo mpya na chungu kilichooshwa, andika tarehe ubavuni mwa chungu, na usilivute kuangalia mizizi kabla ya wiki nne kupita.